Ukurasa wa fundi: Joto la ndani ya motokari linatoka wapi?



Mwezi huu tuko na barua mbili mezani, na zote mbili zinauliza juu ya kitu kimoja: shofaji. Kijana mmoja, shofere wa Hiace kati ya Beni na Butembo, anaandika hivi: «Mzee fundi, motokari ya patroni wangu inakunywa maji kila siku. Mekanisie anasema shofaji ndiyo inavuja, anataka aikate yote. Anasema sisi tuko Afrika, shofaji ni kitu ya Wazungu. Nimwache akate?»

Barua ya pili ni ya mama mmoja wa kwaya. «Papa fundi, sisi tunasafiri na kombi ya zamani ya Volkswagen, ile ya moteri nyuma. Tukifungua shofaji wakati wa kwenda Lubero, watoto wanalala wote, na tukifika vichwa vinatuuma, wengine wanatapika. Wengine wanasema ni makona ya njia, wengine wanasema kuna mtu anatuloga. Ni nini?»

Mama, jibu lako haliwezi kungoja zamu yake. Funga shofaji ile leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu, na msiifungue tena mpaka fundi atakapoitazama. Sababu nitaieleza hapa chini.

Kwanza tuelewe jambo moja. Ndani ya motokari hakuna mbabula wala jiko. Joto la shofaji ni joto ambalo moteri ingelitupa bure. Katika esanse au mazutu unayonunua, karibu sehemu moja tu kati ya tatu ndiyo inasukuma magurudumu. Nyingine inatoka kwa njia ya radiateri, na nyingine inatoka kwa tiyo ya moshi. Basi yule aliyetengeneza shofaji alikuwa na mahali pawili pa kukamata joto hilo: ama kwenye maji, ama kwenye tiyo ya moshi. Hiace ya kijana wetu inachukua joto kwenye maji. Kombi ya mama inachukua kwenye tiyo ya moshi. Kwa macho ni shofaji mbili zinazofanana, mkono mmoja wa kuvuta na hewa moto miguuni. Kwa hatari hazifanani hata kidogo.

Na yule mekanisie anayesema shofaji si ya Afrika, labda hajawahi kutoka Butembo saa kumi na moja asubuhi mvua ikinyesha. Butembo iko juu karibu metre 1750, Beni ni karibu metre 1200 hivi, na Lubero iko juu kuliko zote mbili. Hewa inapoteza karibu digri 6 kila tunapopanda metre 1000. Mstari wa Ekweta wenyewe unapita kati ya Butembo na Lubero, na pale pale kwenye Ekweta utaona watu wamevaa makoti mazito. Lakini mimi sitetei shofaji kwa ajili ya miguu ya shofere. Naitetea kwa ajili ya kioo cha mbele. Weka watu kumi na nane ndani ya Hiace, nguo zimelowa, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua: pumzi yao yote ni maji, na maji hayo yanakwenda kukaa kwenye kioo baridi. Shofere anapangusa kwa mkono, konvoyeri anapangusa kwa kitambaa, na kamyo inakuja mbele. Hewa moto ya shofaji ikipigwa kwenye kioo, ukungu unaisha kwa dakika chache. Kuna wanaopakaa sabuni kavu kidogo kwenye kioo kisha kuipangusa. Ni kweli inasaidia kwa muda, lakini usiku taa za mbele zinaleta nyota nyingi machoni.

Tena kuna mkono mdogo ambao mashofere wengi hawaugusi kamwe, ule wa kuchagua hewa ya nje au hewa ya ndani inayozunguka. Ukiuacha kwenye hewa ya ndani, unarudisha kwenye kioo maji yale yale ya pumzi za watu. Uweke kwenye hewa ya nje. Motokari nyingi zinazoshitakiwa kwamba shofaji haifai, ugonjwa wao ni huo tu.

Sasa tuingie katika Hiace. Maji yanayopoza moteri yanafika digri 80 au 90. Mengi yanakwenda kwenye radiateri kubwa, lakini tawi moja linapita kwa duriti mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, mpaka kwenye radiateri ndogo iliyofichwa nyuma ya tablo. Vantilateri inapuliza hewa juu yake. Robine, inayovutwa na kable, inaruhusu maji au inayazuia. Ni hayo tu. Lakini Hiace nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Japani, zile za usukani wa kuume zinazotufikia kwa njia ya Mombasa na Kasindi, ziko na shofaji ya pili nyuma, chini ya kiti. Kule kwao kuna theluji, abiria wa nyuma naye anataka joto. Ili maji yafike kule, tiyo ndefu za chuma zinapita chini ya motokari, mahali panapopigwa na mawe na matope yetu yote. Hizo ndizo zinazokula kutu na kutoboka.

Kwa hiyo kijana, kabla ya kukata kitu, tafuta kwanza ni shofaji gani inayovuja. Inua kapeti ya mbele, upande wa abiria na upande wa shofere. Ikiwa imelowa, na kioo kinapata ukungu wa mafuta-mafuta ambao ukipangusa unasambaa, na kuna harufu tamu, basi ni radiateri ndogo ya mbele. Ikiwa kapeti ni kavu, ingia chini, ufuate zile tiyo ndefu kwa mkono na taa, moteri ikiwa imepoa. Mara nyingi utakuta ni ya nyuma.

Ya nyuma unaweza kuiondoa bila kulia. Lakini kuna namna. Pale mbele, maji yanagawanyika kwa vipande viwili vya T: tawi la shofaji ya mbele na tawi la shofaji ya nyuma. Mafundi wengi wanakata zile mbili za nyuma na kuziunganisha pamoja kwa kipande cha duriti. Kinachotokea ni kwamba maji, kama mtu mvivu, yanachukua njia fupi ile na kurudi kwenye moteri, na shofaji ya mbele inabaki baridi. Kisha wanasema: «Umeona? Shofaji za Hiace hazifai.» Fanya hivi: ondoa T zote mbili, na uweke duriti nzima, au uzibe kila tawi la nyuma peke yake kwa kifuniko cha chuma na koliye nzuri. Maji yataendelea kupitia mbele.

Kama ni ya mbele iliyotoboka na huna pesa ya nyingine mwezi huu, hapo ndipo unaunganisha ile ya kwenda na ile ya kurudi kwa kipande cha tiyo ya shaba, koliye mbili, basi. Usizibe kwa kipande cha mti wala kwa bulo. Moteri zingine zinategemea njia ile ya shofaji kusudi maji yazunguke wakati termosta bado imefungwa; ukiiziba, sehemu moja ya kulasi inachemka wakati sindano ya tablo bado inaonyesha baridi. Na duriti iwe duriti ya motokari. Ule mpira wa kumwagilia bustani unalainika kwa maji ya digri 90 kama muhogo uliopikwa, na utapasuka mlimani.

Nataja mlima kwa sababu shofaji ya maji inayo faida nyingine ambayo yule mekanisie angekunyang'anya. Ni radiateri ya pili. Unapopanda Kabasha na mizigo juu, sindano ikaanza kuelekea wekundu, fungua shofaji mpaka mwisho na vantilateri kwa nguvu zote, madirisha wazi. Abiria watalalamika, waache walalamike. Joto unalowapa wao, unaliondoa kwenye kulasi. Kisha tafuta mahali pa kusimama, acha moteri izunguke polepole ipoe, na mtu asifungue kifuniko cha radiateri. Hapa kwetu maji hayangoji digri 100. Kwenye urefu wa Butembo yanachemka karibu na digri 94. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya moteri ni nguvu inayofungwa na kifuniko kile. Kifuniko kilicholegea, mpira wake umekauka, kinaweza kuwa ndicho kinachokunywesha maji motokari yako, na shofaji inashitakiwa bure. Bei yake ni ndogo. Anza hapo.

Neno moja tena kwa vijana wanaojifunza katika magaraje. Munafundishwa kuondoa termosta «kwa sababu ya joto la Afrika». Katika Beni, sawa, watu watabishana. Lakini moteri isiyo na termosta asubuhi ya Butembo inafanya kazi baridi safari nzima, inakula mazutu zaidi, inajila yenyewe, na shofaji haipati joto hata kidogo, kwa sababu maji hayafiki digri zake. Ukiletewa motokari yenye shofaji baridi, uliza kwanza kama termosta iko. Kiisha tazama kama hewa imefungwa ndani: simamisha motokari pua juu mlimani, moteri ikiwa baridi, fungua kifuniko, fungua robine ya shofaji, washa, na uongeze maji polepole mpaka mapovu yaishe. Kiisha, kama bado, ile radiateri ndogo imejaa matope. Toa duriti zote mbili, upitishe maji safi kwa upande wa kurudi, bila nguvu nyingi, mpaka yatoke meupe. Matope hayo yametoka wapi? Kwenye mto, kwenye bidoni ile ya konvoyeri. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora kuliko ya mto na hata ya chemchemi. Na kama munatia ile dawa ya rangi ya kuzuia kutu, iwekeni mbali na watoto na mbuzi. Ile ya kawaida ni tamu mdomoni, na ni sumu ya figo.

Haya. Sasa kombi.

Volkswagen ilianza kutengeneza kombi mwaka 1950, na zile za mwanzo zote hazina maji. Hakuna radiateri. Vantilateri kubwa nyuma inapuliza hewa juu ya silinda. Ni motokari ya akili, rahisi kutengeneza, nami naipenda. Brazili iliendelea kutengeneza umbo hilo la zamani hadi mwaka 2013, ingawa ile ya mwisho ilikuwa na maji. Lakini kwa kuwa hakuna maji, shofaji yake inalazimika kuchukua joto mahali pengine. Tiyo za moshi, zinapotoka kwenye silinda, zimefungwa ndani ya masanduku mawili ya bati, moja kila upande. Vantilateri inasukuma hewa ndani ya masanduku hayo, hewa inapita juu ya tiyo ya moshi iliyo moto sana, kisha inasafiri kwa tiyo ndefu chini ya motokari mpaka mbele, miguuni na kwenye kioo. Shofere anafungua na kufunga kwa mkono unaovuta kable.

Hewa ya watoto wa kwaya na moshi wa moteri zinatenganishwa na bati moja. Motokari inapokuwa mpya, hakuna taabu. Lakini hebu hesabuni: kombi ile ina miaka hamsini, bati linapata moto na kupoa kila siku, nje kuna matope na mvua. Siku moja kutu inafungua tundu dogo kama punje ya mahindi, ndani kabisa, mahali jicho halifiki. Toka siku hiyo, kufungua shofaji ni kufungua tiyo ya moshi ndani ya chumba.

Mngesikia harufu ya moshi, mngefungua madirisha. Lakini ile inayoua haina harufu wala rangi. Ni gazi ya monoksidi ya kaboni, wenye elimu wanaiandika CO. Inazaliwa mahali popote moto unapokosa hewa ya kutosha, na moteri ya esanse inatoa nyingi. Ukiivuta, inakwenda kushikamana na damu mahali pale pale ambapo oksijeni ingepanda, na inashikamana kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inaendelea kuzunguka, lakini ni kama kamyo zinazopita tupu. Kichwa kinauma, mtu anakuwa mzito, anasinzia, anatapika, miguu inalegea. Akiendelea kuivuta, haamki tena. Huku juu kwetu, ambako hewa yenyewe ni nyepesi, inawahi zaidi, na watoto wanapatwa mbele ya wakubwa.

Mama, tazama alama hii: watu wote ndani ya motokari wanaumwa pamoja, na wanapona walipokaa nje muda kidogo. Malaria haifanyi hivyo. Makona yanatapisha wawili watatu, hayalazi kwaya nzima. Na mlozi hamumuhitaji, mmoja wenu asije akasingizwa bure kwa ajili ya kutu ya bati.

Fundi afanye nini? Kombi isimamishwe mahali pa wazi, moteri baridi. Mmoja awashe, mwingine akazie kitambaa kinene kwenye mdomo wa tiyo ya moshi kwa sekunde chache tu, na wa tatu alale ubavuni mwa moteri asikilize. Kama kuna tundu, atasikia «chchch» ndani ya sanduku. Apige-pige pia bati kwa kipini cha turnevisi: bati zima linalia, bati lililooza linanyamaza au linatoboka. Jointi za pale tiyo zinapoingia kwenye kulasi zitazamwe pia, kwa sababu moshi wa pale unazunguka chumba cha moteri na vantilateri inaumeza na kuupeleka mbele.

Likiwa limeoza, nisikilizeni vizuri: musikubali kuchomelea kiraka juu. Kiraka kinakaa kwenye bati la nje, na ugonjwa uko kwenye tiyo ya ndani. Ni kununua sanduku lingine lililo zima, au kuondoa shofaji kabisa. Kuiondoa kunafaa, si aibu. Fundi anaweka tiyo za moshi za kawaida, zisizo na sanduku. Lakini asisahau kuziba, kwa bati na bulo, yale matundu mawili kwenye nyumba ya vantilateri ambayo yalikuwa yanapeleka hewa kwenye masanduku; akiyaacha wazi, hewa ya kupoza silinda inamwagika nje na moteri itachemka. Aondoe pia au azibe kwa bati ile tiyo ndefu ya kwenda mbele. Kitambaa kilichokunjwa si kizibo, kinateketea. Kwa ajili ya kioo, kuna vantilateri ndogo za volti 12 za kubandika kwenye tablo. Kwa hewa peke yake, na dirisha moja wazi kidogo mbele, kioo kinaonekana. Watoto wavae masweta.

Wachimbaji wanaosoma ukurasa huu wamekwisha kuitambua gazi hiyo. Ndiyo ile ile inayoua wakati motopompi inateremshwa ndani ya shimo kunyonya maji, na wa kwanza anayeshuka harudi, na ndugu yake anayemfuata kumwokoa naye anabaki. Wengine wanashusha mshumaa au taa kupima hewa. Kwa mazuku ya upande wa Goma, kipimo hicho kinasema kweli, kwa sababu mazuku ni gazi nyingine, nzito, inayolala mabondeni na kuzima moto. Lakini CO hailali chini, inachanganyika na hewa, na mshumaa unaendelea kuwaka vizuri mahali ambapo mtu anakufa. Ndiyo maana Waingereza walikuwa wanashuka migodini na ndege wadogo katika vitundu hadi miaka ya 1980: ndege anaanguka mbele ya mtu. Motopompi ikae juu, mbali na mdomo wa shimo, tiyo ndefu ndiyo ishuke.

Mtu akikutwa amezimia motokarini, fungueni milango yote, zimeni moteri, mtoeni kwenye hewa safi, na mumpeleke hospitali hata kama ameamka. Mwambieni muganga alitoka katika motokari yenye shofaji, au kando ya mbabula, la sivyo atatafuta malaria. Kile kifaa kidogo cha kubana kidole, ambacho watu wengi wamekijua toka Korona ya mwaka 2020, hapa kinadanganya: kinaona damu nyekundu na kusema oksijeni ni nzuri, kumbe ni CO. Dawa yake ni oksijeni. Kwa hewa ya kawaida, damu inahitaji saa 4 au 5 kupunguza nusu tu ya gazi. Kwa oksijeni ya hospitali, karibu saa 1 na nusu.

Na sasa jambo ambalo halikuulizwa, lakini naliona njiani. Wachuuzi wa viazi na poro wanaotoka milima ya Lubero wanalala motokarini, wakati njia imekatika kwa matope au kizuizi hakifunguliwi mpaka asubuhi. Baridi inapowazidi, wanaingiza mbabula ndani. Wanasema: «Makala yameiva, hayana moshi tena.» Makala yaliyoiva bila moshi ndiyo yanayotoa CO bila kuonekana. Kombi au Hiace ni sanduku dogo kuliko chumba chochote cha nyumba yako; mbabula isiingie, hata kwa dakika kumi, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Wala musilale moteri ikizunguka kwa ajili ya shofaji, hata ile ya maji. Motokari iliyozama matopeni, mdomo wa tiyo ya moshi uko ndani ya tope au umeelekea ukingo wa udongo, moshi unarudi chini ya sakafu na kuingia kwa kila tundu la kutu. Vilevile zile Hiace zinazotembea na mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba, wazi nusu, kwa sababu ya mifuko: motokari inapokwenda, hewa ya nyuma inavutwa ndani, na moshi pamoja nayo. Mazutu inatoa CO kidogo kuliko esanse, lakini mtoto aliyelala juu ya mifuko ile hajui tofauti. Kama mlango lazima ubaki hivyo, fungueni hewa ya mbele na vantilateri kwa nguvu, kusudi hewa isukume kutoka ndani kwenda nje, na tiyo ya moshi irefushwe itokee ubavuni.

Kwa mwenye kombi anayetaka joto la kulala kwa haki, kuna shofaji inayojitegemea, yenye moto wake mdogo wa mazutu au esanse. Wadachi wa Eberspächer na wa Webasto wanazitengeneza tangu zamani, na sasa zile za Uchina zinauzwa kwa bei ya chini sana, hata wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou wanaweza kuziona. Uzuri wake ni kwamba hewa ya moto na hewa ya watu hazikutani: tiyo moja inavuta hewa ya kuchoma kutoka chini ya motokari, nyingine inatoa moshi chini. Ubaya ni fundi anayezifunga haraka-haraka. Tiyo ya moshi isiishie chini ya sakafu katikati; ipite mpaka ukingoni, iinamishwe kidogo kusudi maji yatoke, isiwe chini ya mlango wala dirisha, na isigusane na ile ya kuvuta. Kile kitambaa cha nyuzi kinachokuja katika katoni kinafungwa kwenye tiyo ya moshi, sababu inaweza kuwasha kapeti. Kengele ndogo ya kupima CO, ya betri, ifungwe karibu na kitanda. Nayo hata mwenye nyumba ya mbabula angefanya vema kuwa nayo. Inapowaka, shofaji hiyo inavuta umeme mwingi kwa dakika chache za mwanzo, basi bateri iliyochoka haitaiwasha. Na unapoizima, usikate bateri mara moja. Vantilateri yake itaendelea kuzunguka dakika chache ikipoza chumba cha moto. Ngoja mpaka inyamaze yenyewe, ndipo ukate.